Warsha za kulipia za kuwaita viumbe wa sayari nyingine ndani ya Hifadhi ya Joshua Tree bila kibali: je, dereva naye ana kosa?

Dereva wa Inland (mleta mada)

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Ninaishi Riverside, California, na nina basi dogo la abiria 14 ambalo mimi na binamu yangu tumelisajili kwa shughuli za kukodi. Kazi zetu za kawaida ni harusi, kwaya, misiba na safari za uwanja wa ndege. Hivi karibuni nimeletewa kazi ambayo malipo yake ni mazuri kuliko tulivyozoea, lakini kila nikiifikiria inanitia wasiwasi, na ndiyo sababu ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa jibu.

Aliyenipigia simu ni mtu anayeendesha warsha za kile anachokiita mawasiliano ya hiari na UFO, yaani vyombo vya angani visivyotambulika. Washiriki hulipa mamia ya dola kila mmoja, na wanaotaka kukaa wiki nzima hulipa zaidi ya elfu moja. Mchana hupumzika katika nyumba za kupanga za Yucca Valley na Twentynine Palms, na jua likishazama hupelekwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, ambako huketi kwa mduara kwenye viti vya kukunja, hufanya tafakuri kwa saa kadhaa huku spika ikitoa milio ambayo inasemekana viumbe hao huitambua, kisha mwalimu huwaonyesha mianga angani kwa kutumia tochi ya leza ya kijani. Anataka niwapeleke, niwasubiri, na niwarudishe kabla ya alfajiri.

Nilipomuuliza kama ana kibali, alinijibu kwamba ardhi ile ni ya umma, kwamba hifadhi iko wazi saa 24, kwamba watu wameketi tu na hawaharibu kitu, na kwamba fedha wanazotoa ni mchango kwa mwalimu wala si nauli wala ada. Kisha akaongeza mambo mawili yaliyonifanya nisite. La kwanza ni kwamba askari wa hifadhi akitusimamisha niseme sisi ni marafiki tuliokuja kutazama nyota, na nisitaje malipo. La pili ni kwamba nibandue nembo ya kampuni yetu mlangoni usiku huo.

Maswali yangu ni haya. Je, mkusanyiko wa namna hii unahitaji kibali kweli, au huyu bwana yuko sahihi kwamba mwananchi ana haki ya kuketi katika ardhi ya umma? Na kama kibali kinahitajika na hakipo, anayeandamwa ni mwenye warsha peke yake, au na mimi niliyelipwa kuendesha? Naomba mzingatie kwamba mimi ni mkaazi wa kudumu na mwakani ninatarajia kuomba uraia, kwa hiyo hata faini ndogo kwangu si ndogo.

Ninawaomba tusigeuze mada hii kuwa mabishano ya kama viumbe hao wapo au hawapo. Sina ugomvi na imani ya mtu.

Mzawa wa Tanga

Mleta mada, umeuliza kabla ya kwenda, na hilo ni jambo la kupongezwa. Nimefanya kazi ya kuongoza watalii katika hifadhi za kusini-magharibi mwa Marekani chini ya kampuni zenye vibali, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa kanuni tu.

Ndani ya hifadhi ya taifa jambo hili halina utata. Kifungu cha 5.3 katika Juzuu ya 36 ya Kanuni za Shirikisho kinakataza mtu kufanya au kutafuta biashara yoyote ndani ya eneo la hifadhi pasipo kibali, mkataba au makubaliano ya maandishi na serikali. Kifungu hakiwataji viumbe wa sayari nyingine, na hakina haja ya kuwataja. Mwalimu wa kupanda miamba, mpiga picha anayefundisha kupiga picha za nyota, mwalimu wa yoga anayekusanya ada, wote wanaingia humo, na pale Joshua Tree wako wengi wanaofanya kazi hizo kihalali kwa idhini ya matumizi ya kibiashara, ambayo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 2 na ambayo humtaka mwombaji aonyeshe bima, aeleze atakwenda wapi, na watu wangapi, saa ngapi. Adhabu ya kukiuka kanuni za hifadhi inaweza kuwa kifungo kisichozidi miezi 6, au faini inayoweza kufika dola 5,000, au vyote viwili.

Hoja ya kwamba ardhi ni ya umma haimsaidii hata kidogo. Ufukwe nao ni wa umma, kila mtu anaoga na kupunga upepo bila kumwomba mtu ruhusa, lakini ukipanga meza kumi na jiko la mishikaki hapo, manispaa itakuja kukuuliza leseni, na hakuna atakayeona ajabu.

Huenda akakwambia kwamba basi atahamia nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye jangwa lililo wazi upande wa kaskazini. Sehemu kubwa ya jangwa lile iko chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, ile inayofahamika kwa herufi BLM, na huko nako kuna kibali maalumu cha burudani. Kanuni za BLM zimeeleza matumizi ya kibiashara kwa upana unaomfunga huyu bwana kila upande: ni biashara ukijaribu kupata faida au malipo, ni biashara ukikusanya ada ambayo si kugawana tu gharama halisi za safari, ni biashara ukilipia matangazo kwa umma ili kupata washiriki, na ni biashara pia kama washiriki wanakulipa wakitegemea kwamba wewe ndiye mwenye jukumu la usalama wao. Marafiki wanaochangiana mafuta na maji ya kunywa hawahitaji kibali. Mtu mwenye tovuti, bei tatu tofauti na fomu ya kulipa kwa kadi, hata akiandika juu ya fomu hiyo neno mchango, anakihitaji. Na maombi yanatakiwa yapelekwe siku 180 kabla ya shughuli, kwa hiyo hili si jambo la kukimbilia wiki ya mwisho.

Sasa nieleze kwa nini kanuni hizi zipo, maana wengi hudhani ni urasimu wa kukusanya fedha. Anasema watu wanaketi tu. Ukishuka pembeni mwa barabara katika jangwa la Mojave, utaona mahali ambapo udongo una ukoko mweusi wenye vinundu, kama vile mtu amemwaga majivu yakagandamana. Ule ukoko ni uhai: ni bakteria, kuvu, mwani na kuvumwani vilivyoshikana, na ndivyo vinavyozuia mchanga usipeperushwe na upepo na vinavyoupatia udongo naitrojeni. Ukiukanyaga unasikia unavunjika chini ya soli, na kupona kwake huchukua miaka, penginepo miongo. Abiria wako 14 wanakuja na viti 14, na viti 14 vina miguu 56, mbali na miguu ya watu wenyewe wanaokwenda na kurudi gizani kutafuta mahali pa kujisaidia. Wakirudi usiku wa pili na wa tatu mahali pale pale, kwa sababu mwalimu amesema pana nguvu, duara hilo litaonekana muda mrefu baada ya wao kwenda zao. Kibali ndicho kinachomwezesha mhifadhi kusema: ketini kwenye maegesho ya lami, au kwenye kiwanja kilichokwisha kukanyagwa, msiketi pale.

Kuna pia kobe wa jangwani, aliyeorodheshwa na serikali kuwa katika hatari tangu 1990. Madereva wanaoijua Joshua Tree huinama kuchungulia chini ya gari kabla ya kuondoa, kwa sababu kobe hupenda kivuli cha gari lililosimama. Hilo ni la mchana zaidi, lakini ulizingatie hata ukija kutembea na familia yako.

Nimalizie kwa nyika iliyotengwa. Sehemu kubwa ya Joshua Tree ni nyika chini ya Sheria ya Nyika ya 1964, na humo shughuli za kibiashara zimekatazwa isipokuwa huduma chache zinazohitajika ili watu waweze kuifurahia nyika yenyewe. Mwenye warsha akiiacha barabara na kutembea na kundi lake umbali wa dakika chache tu, anaweza kuwa ameingia humo bila kuona kibao chochote.

Mtu Huru

Nimemsoma Mzawa wa Tanga kwa makini na ninamheshimu, lakini naomba nitoe upande wa pili, kwa sababu katika mijadala hii mwenye kibali huonekana mwema na asiye nacho huonekana mwizi.

Mfumo huu wa vibali unawafaa wenye fedha. Kampuni kubwa ya magari ya kitalii ina mwanasheria, ina bima ya mamilioni, ina mtu wa kujaza fomu. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi hana. Katika baadhi ya misitu ya taifa vibali vya kuongoza watalii vimewekewa ukomo, kwa hiyo mgeni katika biashara hata akiwa na nia njema anaambiwa asubiri, na haambiwi asubiri mpaka lini. Matokeo yake ni kwamba kanuni iliyokusudiwa kulinda ukoko wa udongo inalinda pia soko la waliotangulia.

Pili, liko suala la imani. Watu hawa wanatafakari, wanaita, wanasubiri. Mimi sioni tofauti kubwa kati yao na watu wanaokesha mlimani wakiomba. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda ibada na mkusanyiko, na sijui kama askari wa hifadhi ndiye anayefaa kuamua lipi ni sala na lipi ni biashara. Makanisa nayo hupitisha sahani ya sadaka.

Sisemi mleta mada aseme uongo. Ninasema tu kwamba mwenye warsha si lazima awe tapeli kwa sababu hakujaza fomu.

Mpenda Nyota

Mtu Huru, hoja yako ya kwanza ina uzito, na wapo wahifadhi wenyewe wanaoikubali. Hoja ya pili imekwisha kupimwa mahakamani, tena kwa watu wenye madai yenye nguvu kuliko huyu bwana. Kuna jumuiya inayoitwa Familia ya Rainbow, ambayo tangu 1972 hukusanyika kila mwaka katika misitu ya taifa kuomba amani, bila kiingilio na bila kuuza chochote. Huduma ya Misitu ya Marekani ilipoweka kanuni kwamba mkusanyiko usio wa kibiashara wenye watu 75 au zaidi uwe na kibali, wanajumuiya walipinga, na mahakama za rufaa zaidi ya moja zikaikubali kanuni hiyo, kwa sababu haiangalii watu wanaamini nini wala watasema nini. Inaangalia idadi yao na athari yao kwa ardhi. Ikiwa watu wanaosali bure wanaweza kudaiwa kibali wakiwa wengi, anayetoza dola elfu atajificha nyuma ya sala kwa njia gani?

Historia ya jambo hili katika jangwa lile lile ndiyo inayonivutia zaidi, maana inampinga mwenye warsha kwa ushahidi wa watu wake. George Adamski alidai kwamba alikutana na mgeni kutoka Zuhura tarehe 20 Novemba 1952 karibu na Desert Center, ambayo iko mashariki tu ya Joshua Tree ya leo. Na George Van Tassel, fundi wa ndege aliyehamia mwaka 1947 kwenye jabali kubwa linaloitwa Giant Rock, kaskazini mwa Yucca Valley, alianzisha hapo mikutano ya watu wa visahani vinavyoruka, ambayo katika miaka ya 1950 ilivuta maelfu ya watu jangwani, na magari yao, mahema yao na wauza vitabu wao. Sasa tazama alivyofanya: eneo lile lilikuwa ardhi ya serikali, naye alilikodi rasmi na kuendesha kiwanja kidogo cha ndege na mkahawa. Mtu aliyesema kwamba aliamshwa usingizini na mgeni kutoka Zuhura, akapandishwa chomboni, alikuwa na karatasi ya ukodishaji kutoka serikalini! Na lile jengo lake la kuba la mbao liitwalo Integratron, alilolijenga karibu na hapo kwa maelekezo aliyodai kupewa na wageni hao, lipo hadi leo kwenye ardhi ya mtu binafsi, na watu hulipa kuingia kusikiliza milio ya bakuli za kioo. Giant Rock yenyewe imebaki ardhi ya umma chini ya BLM, na anayekwenda huko ataona michoro ya rangi na vipande vya chupa, ambavyo ni sehemu ya jibu kwa swali la watu wanaoketi tu.

Ninakiheshimu kizuizi chako, mleta mada, kwamba tusijadili kama viumbe wapo. Hata hivyo lazima niseme kitu kuhusu mianga, kwa sababu inahusu usalama wa kazi yako. Kaskazini mwa hifadhi, kwa jirani kabisa, kuna kambi kubwa ya mafunzo ya Marine, wanajeshi wa majini wa Marekani, ya Twentynine Palms, ambako hufyatuliwa mianga ya kijeshi inayoshuka polepole kwa miavuli. Ukiiona kwa mbali inaning'inia kwa mstari, inazimika mmoja mmoja, na anayetaka kuona chombo ataona chombo. Juu kuna njia za ndege za Palm Springs na Los Angeles. Tangu Mei 2019 kuna setilaiti za Starlink, ambazo siku chache baada ya kurushwa hupita kwa msururu ulionyooka kama shanga, na nyingi hurushwa kutoka Vandenberg, California hii hii. Mwalimu akielekeza leza ya kijani kwenye mwanga ambao yeye anaamini ni mgeni, nao kumbe ni ndege ya abiria inayojiandaa kutua, anaweza kujikuta akijibu kosa la jinai la shirikisho la kumulika ndege kwa leza kwa kujua, lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 5, na rubani anaweza kupofushwa kwa muda katika dakika ambayo anahitaji macho kuliko zote. Hapo hakuna kibali cha hifadhi kitakachomwokoa mtu. Mimi hutumia leza hizo katika klabu yetu ya nyota, na kanuni yetu ni kwamba haiwashwi kama kuna mwanga wowote unaotembea upande huo wa anga. Katika warsha ya namna unayoieleza, mwanga unaotembea ndio unaotafutwa.

Bi Mwanakombo

Kaka, nakusalimu. Nimefanya kazi ya bima ya magari ya biashara hapa California kwa muda, na sasa ninasaidia watu wetu kujaza fomu za uhamiaji. Si mwanasheria, kwa hiyo haya nitakayosema uyapeleke kwa mwanasheria kabla ya kuyategemea.

Wenzangu wamezungumzia sana kosa la mwenye warsha. Mimi nimesimama kwenye sentensi yako moja, ile ya kwamba umwambie askari wa hifadhi kuwa ninyi ni marafiki. Kuendesha warsha bila kibali ni kosa dogo. Kumdanganya ofisa wa serikali ya shirikisho kwa kujua, katika jambo la msingi la kazi yake, ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 1001 cha sheria za jinai za shirikisho, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kanuni za hifadhi nazo zina kifungu chao, cha 2.32, kinachokataza kumpa ofisa taarifa za uongo. Tazama basi anachokuomba: yeye anabaki na kosa la miezi 6, na wewe, uliyelipwa nauli ya basi, unabebeshwa lile la miaka 5. Una haki ya kukaa kimya. Huna haki ya kutunga habari.

Kuhusu swali lako la pili, sheria ya shirikisho humchukulia anayemsaidia mkosaji kwa kujua na kwa kukusudia kuwa sawa na mkosaji mwenyewe. Dereva aliyekodiwa kwa nia njema, ambaye hakujua kilichokuwa kinaendelea, ana utetezi. Dereva aliyeuliza kibali, akaambiwa hakipo, akabandua nembo ya gari lake, akaenda, ameubomoa utetezi huo kwa mikono yake. Tena kumbuka kwamba wewe mwenyewe unafanya biashara: kupeleka abiria wa kulipa ndani ya hifadhi kwa ziara ni shughuli ambayo huenda ikahitaji idhini yake peke yake, mbali na kibali chako cha uchukuzi wa kukodi kutoka Tume ya Huduma za Umma ya California, na magari ya biashara yana viwango vyake vya kiingilio, si zile dola 30 za gari la familia. Piga simu ofisi ya hifadhi uulize.

Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kuandikiwa hati ya kosa. Hati ya kosa kutoka kwa askari wa hifadhi, hata kama iliishia kwa faini uliyolipa kwa njia ya posta, ni jambo la kumwonyesha mwanasheria kabla ya kujaza fomu hiyo. Sisemi itakunyima uraia. Ninasema utalazimika kueleza, na maelezo yako yatakuwa kwamba ulikuwa unawapeleka watu usiku jangwani kuwaita viumbe wa sayari nyingine, na nembo ya gari umeibandua.

Na bima. Mtu Huru ameizungumzia kana kwamba ni mzigo wa wenye fedha, nami naelewa, ila aikumbuke habari ya Oktoba 2009 karibu na Sedona, Arizona, ambako washiriki wa mafungo ya kiroho waliolipa karibu dola 10,000 kila mmoja waliingizwa katika hema la jasho, yaani hema lililofungwa na kujazwa mvuke wa moto, na watatu wakafa. Ile ilikuwa ardhi binafsi, haikuhusu UFO wala hifadhi, lakini mwendeshaji wake, James Arthur Ray, alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya uzembe. Watu waliolipa fedha nyingi humtii mwalimu hata miili yao inapokataa. Jangwani usiku kuna baridi kali wakati wa majira ya baridi, kuna nyoka wa kengele wakati wa joto, sehemu kubwa ya Joshua Tree haina mtandao wa simu, na gari pekee lililopo ni lako. Mshiriki akianguka saa nane usiku, atakayeamua kama mnaondoka au mnasubiri ujumbe kutoka angani ni nani? Iulize kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kama safari hiyo imo ndani ya masharti yake, na uipe maelezo kamili. Nadhani jibu lao litakumalizia kazi ya kuamua.

Dereva wa Inland (mleta mada)

Ninawashukuru wote, na hasa Bi Mwanakombo, kwa kuwa lile la kumdanganya ofisa sikuwa nimeliona kwa uzito huo. Nimemwandikia mwenye warsha kwamba sitaingia hifadhini bila kuona kibali, na kwamba nembo haibanduki. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Amejibu kwamba kuna sheria mpya iliyotiwa saini Januari 2025 ambayo imeondoa vibali kwa makundi madogo, na kwamba kama bado nina wasiwasi yuko tayari kuhamishia mikesha yake kwenye kiwanja cha mtu binafsi huko Landers, kaskazini mwa Yucca Valley. Je, sheria hiyo ipo? Na kiwanja cha binafsi kinamaliza tatizo?

Mzawa wa Tanga

Sheria ipo, lakini ameisoma nusu. Ilitiwa saini tarehe 4 Januari 2025, na sehemu anayoifikiria inahusu kupiga picha na filamu ndani ya hifadhi za taifa: kundi la watu wasiofika sita, wenye vifaa vya kubebwa mkononi, katika eneo lililo wazi kwa umma, wasiosumbua wengine wala kuharibu kitu, hawahitaji tena kibali wala ada hata kama filamu yao ni ya kuuza. Haimruhusu mtu kuendesha darasa la kulipia. Na kundi lake, kwa hesabu ya viti vya basi lako, limepita idadi hiyo zaidi ya mara mbili.

Kiwanja cha binafsi ni jibu la kweli, na ndivyo wenzake wengi wanavyofanya. Mkutano mkubwa wa watu wa UFO uitwao Contact in the Desert ulianza mwaka 2013 katika kituo cha mafungo cha watu binafsi pale Joshua Tree, kisha ukahamia hoteli kubwa ya Indian Wells. Wanatoza viingilio, wanauza vitabu, wanakesha wakitazama anga, na hakuna askari wa hifadhi anayehusika. Anga la Landers ni lile lile. Atakachohitaji ni ruhusa ya maandishi ya mwenye kiwanja na kuuliza kaunti ya San Bernardino kama shughuli yake, kwa idadi ya watu na kwa marudio yake, inadaiwa kibali cha matumizi ya muda. Aangalie mipaka kwa ramani, maana kule viwanja vya watu na ardhi ya BLM vimechanganyika, na ua ni nadra. Hatua mia moja nyuma ya nyumba unaweza kuwa umerudi kwenye ardhi ya umma. Suala la leza linabaki pale pale alipolieleza Mpenda Nyota.

Kwa upande wako, mkataba utaje anwani ya kupakia, anwani ya kushushia, saa ya kurudi, na kwamba uamuzi wa kuondoka kwa dharura ni wa dereva. Weka sentensi inayosema kwamba gari halitaingia hifadhini wala kwenye ardhi ya BLM kwa shughuli ya kundi hilo mpaka upewe nakala ya kibali chenye jina lake, tarehe na mahali, nayo nakala ikae garini. Malipo yapitie akaunti ya kampuni, na risiti iandikwe usafiri.

Mtu Huru

Hapo kwenye Landers ninakubaliana nanyi. Mleta mada, akikodi basi kwa safari hiyo, uniulizie kama kuna nafasi moja imebaki. Nitalipa ada yake kamili, na viti vya kukunja ninavyo.